Ufundi wa Kumrudisha Mzazi Nyumbani

Kazi ya kumrudisha nyumbani mzee asiyeweza kusimama huanza siku kadhaa kabla ya safari yenyewe, tena huanzia mlangoni. Muuguzi wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona, akiijua kazi yake hutangulia kwenda kuiona nyumba. Hunyoosha mikono kupima upana wa mlango. Huitazama kona ya ukumbi, kama watu wanne walioshika shuka lenye mtu wataweza kuikata bila kumkunja. Huangalia vizingiti. Huuliza maji yanatoka wapi, choo kiko umbali gani, umeme ukikatika usiku itawashwa taa gani, nani analala chumba cha pili na nani ana usingizi mzito. Kisha huomba ruhusa aingie chumbani, akalikalia godoro na kulibonyezabonyeza, kwa maana godoro ndilo litakaloamua mengi.

Haya niliyaona yakifanywa kwetu, Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, wakati baba yetu alipougua saratani ya tezi dume. Saratani hiyo ikisambaa hupenda kwenda kwenye mifupa. Ikishaota kwenye pingili za mgongo inaweza kuubana uti wa mgongo, na mtu aliyekuwa akitembea juzi akajikuta miguu haina nguvu wala hisia na mkojo hautoki. Ndivyo ilivyomtokea baba. Madaktari walifanya waliyoweza, kisha wakatueleza ukweli: miguu haitarudi, ugonjwa hauponi tena, kilichobaki ni kumtunza vizuri. Baba aliwasikiliza mpaka mwisho, akasema anataka kwenda kwake. "Nataka nilale upande wa dirisha la uani," alisema, "nisikie watu wa nyumbani kwangu wakibishana."

Hapo ndipo alipoingia yule ambaye nyumba nzima tulimwita Sista. Sitamtaja jina, maana hakufanya kazi ile ili atajwe. Lakini kazi yake nataka niieleze hatua kwa hatua, kwa sababu ni ufundi kamili, wenye kanuni zake, vipimo vyake na adabu zake, na katika nchi zetu husifiwa mara chache mno. Daktari aliyepasua moyo hutangazwa kwenye televisheni. Muuguzi aliyemtoa wodini mtu mwenye mgongo uliobomoka, akamlaza chumbani kwake bila mtu huyo kupiga ukelele, hurudi kwao kwa daladala.

Kitanda cha baba kilikuwa cha mninga, kipana, kimesukumwa ukutani. Sista aliagiza mambo mawili. La kwanza, kivutwe kuelekea katikati ya chumba ili watu wamfikie mgonjwa pande zote mbili, na kichwa kikae mahali ambapo dirisha la uani litakuwa mkono wake wa kulia. La pili, miguu ya kitanda iwekewe matofali, godoro lipande mpaka lifikie nyonga za mtu atakayemhudumia. Sababu yake ilikuwa nyepesi kuelewa: anayeuguza akiinama mara kumi kwa siku juu ya kitanda kifupi, baada ya wiki mbili nyumba ina wagonjwa wawili.

Kisha likaja godoro. Alimwomba kaka yangu, ambaye mwili wake ulikaribiana na wa baba, ajilaze chali. Yeye akapenyeza kiganja chini ya godoro, kikiwa kimeangalia juu, mpaka kikafika usawa wa kifandugu cha kaka. Akatulia kidogo, akautoa mkono, akamwita mama naye apenyeze wake. Mama akasema anausikia mfupa. "Basi godoro hili limechoka," Sista akasema. "Mzee atakuwa analalia mbao." Tukaongeza la pili juu yake, jipya na gumu kidogo, na kipimo kikarudiwa: safari hii mkono ulikutana na sponji nene, mfupa haukusikika. Kipimo hicho hakihitaji mashine wala fedha, na kinaweza kumwokoa mtu na kidonda kinachoua.

Ili kuuelewa uzito wa jambo hilo lazima tuseme kidogo juu ya ngozi. Mtu mzima mwenye afya hujigeuza usiku kucha bila kujua. Ngozi iliyokaliwa huminywa kati ya mfupa na godoro, damu ikapungua kupita, mwili ukahisi adha, mtu akajigeuza angali usingizini. Aliyepooza hapati taarifa hiyo. Hulala palepale, na sehemu zilizo na mfupa karibu na ngozi huanza kufa: kifandugu, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, mabega, kisogo. Kidonda cha kulalia kinaweza kuanza ndani ya saa chache, na kikishachimbika hukaa miezi. Tena kuna adui wa pili anayefichika, nao ni mburuto. Ukimvuta mgonjwa juu ya shuka, ngozi hunata pale ilipo huku mfupa ukisogea, na mishipa midogo ya damu ndani yake hukatika. Jioni huoni kitu. Baada ya siku mbili pameiva. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya Sista ilikuwa fupi: mgonjwa habururwi, hunyanyuliwa au hubingirishwa.

Kabla ya siku ya safari aliomba kikao cha familia. Walikuja baba mkubwa, shangazi, sisi watoto, na mjukuu mmoja wa kiume aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na anasubiri majibu. Baba mkubwa alikuwa na jambo moyoni, naye akalitoa. "Sista, mwanangu, huku kumtoa hospitali si ndiko kumkatia tamaa?"

"Mzee wangu," Sista akamjibu, "dawa anayokunywa wodini ndiyo atakayokunywa hapa. Kinachobadilika ni mikono. Na mikono nitaifundisha."

Akafungua daftari la shule, akaandika kazi na majina. Dawa zilipewa mtu mmoja na msaidizi wake mmoja, wengine wasiguse. Kugeuza mchana kulikuwa na watu wake, kugeuza usiku watu wengine. Simu ya kumwita yeye ikabaki kwa dada yangu peke yake, ili taarifa isitoke kwa watu watano ikiwa na sura tano. Baada ya hapo aliuliza swali ambalo wengi wetu tungeliona la aibu: nani atamwogesha mzee? Kwetu mkwe hamwogeshi baba mkwe, na binti kumtazama baba yake akiwa mtupu ni mtihani kwa wote wawili. Mama magoti yalikuwa yamemwishia. Kaka alikuwa kazini mchana. Sista hakuamua. Alikwenda hospitali akamuuliza mwenye mwili, na baba akamtaja mjukuu. Babu na mjukuu wana utani wao, na utani huo unabeba mambo ambayo heshima kati ya baba na mwana haiwezi kuyabeba.

Siku ya safari ilipofika, jambo la kwanza lilikuwa saa. Mofini ya kunywa, dawa ya maumivu makali aliyokuwa akitumia, huchukua kama nusu saa kuanza kufanya kazi, na nguvu yake hudumu takriban saa nne. Sista alimpa baba kipimo cha ziada alichoandikiwa na daktari, akaitazama saa yake, akatuambia tungoje. Gari lilikuwa limefika, dereva ana haraka, baba mkubwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Alingoja vilevile. Alitumia muda huo kumwaga mfuko wa mkojo, kuhakikisha mpira wake haujapita chini ya paja, na kuufunga mfuko mahali ambapo hautapanda juu ya kibofu hata mgonjwa akinyanyuliwa, kwa sababu mkojo ukirudi ndani hurudi na vijidudu.

Kisha likaja shuka, na hapa naomba msomaji anifuate polepole. Shuka zito la pamba lilikunjwa mara mbili kwa urefu. Mikono ya baba iliwekwa kifuani. Watu wawili walisimama upande mmoja, mmoja ameshika bega na nyonga, wa pili ameshika paja na mguu, na Sista mwenyewe akakishika kichwa. Kwa kuwa mgongo wake ulikuwa umeliwa na ugonjwa, mwili ulipaswa kugeuka kwa pamoja, kichwa, mabega, kiuno na miguu, pasipo kujipinda hata kidogo. Hatukumsukuma, tulimvuta kuelekea kwetu, kwa sababu mgonjwa anayevutwa kumwelekea mtu haogopi kuanguka. Alipokuwa ubavu, nusu ya shuka ilitandazwa chini yake na nusu nyingine ikakunjwa ikawekwa mgongoni mwake. Akageuzwa upande wa pili, ile nusu ikavutwa, na mtu mzima akawa juu ya shuka bila kuinuliwa hata inchi moja.

Watu wanne wakakunja kingo za shuka kwa ndani mpaka vidole vyao vikakaribia mwili wake. Ukilishika shuka mbali na mwili, linalegea katikati na mgonjwa anakunjika. Ukilishikia karibu, linakaza. "Magoti yakunjwe, migongo inyooke," Sista alisema. "Hesabu ni yangu peke yangu. Hesabu hii ni ya nani?" Tukamjibu ni yake. Mwenye kuhesabu huwa ni yule aliyeko kichwani, kwa kuwa ndiye anayeuona uso wa mgonjwa, na uso ukikunjamana kabla ya tatu, hesabu inasimamishwa. Kila alipotaka kufanya jambo alimwambia baba kwanza. "Mzee, sasa tunakugeuza upande wa mlango." "Mzee, sasa unanyanyuka." Hakuna mkono uliomgusa ghafla. Nimewaona watu wengi wakimsogeza mgonjwa huku wakizungumza juu yake kana kwamba hayupo. Sista alizungumza na baba, na sisi tukawa tunasikiliza.

Gari lilikuwa Noah ya jirani, viti vya nyuma vimelazwa, godoro limetandikwa. Baba aliingizwa kwa mlango wa nyuma, kichwa kwanza, mto chini ya kichwa, mwingine katikati ya magoti, na wa tatu chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee hewani. Sista alikaa sakafuni pembeni yake, kiganja kimoja begani, kingine nyongani. Dereva alipewa agizo moja: kila tuta aseme kabla ya kulivuka. Basi safari nzima tukasikia sauti yake mbele, "Tuta!", gari likapunguza mwendo karibu kusimama, na mikono ya Sista ikakaza. Mtu anayejua mtikiso unakuja huuvumilia. Kwenye njia ya changarawe ya kuingia mtaani dereva alishuka mwenyewe akatazama mashimo kabla ya kupita. Alikuwa kijana wa kawaida wa kubeba abiria, na mchana ule naye alikuwa fundi, kwa kuwa kuna mtu aliyemwonyesha sehemu yake katika kazi.

Nyumbani, baada ya baba kulazwa na dirisha kufunguliwa, kazi ya kufundisha ikaanza. Ya kwanza ilikuwa dawa.

Chupa ya mofini ilikuwa ya plastiki, ya kawaida kabisa. Kufika kwa chupa ya namna hiyo katika nyumba za Afrika Mashariki kuna historia ambayo kila familia inayouguza inapaswa kuijua. Cicely Saunders wa Uingereza alianza kama muuguzi, akawa ofisa wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kuwatunza wagonjwa walio mwishoni mwa maisha, jijini London. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa yana pande nyingi: ya mwili, ya moyo, ya mahusiano na ya roho. Alisisitiza pia kwamba dawa ya maumivu itolewe kwa saa, isingoje mgonjwa alie. Mvuvi hangoji dau lijae ndipo ayafue maji.

Huku kwetu, Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990, na daktari wake wa kwanza alikuwa Anne Merriman, Mwingereza aliyekuwa ametoka kufanya kazi Singapore. Mwaka 1993 alihamia Kampala akaanzisha Hospice Africa Uganda kwa fedha kidogo za kuanzia. Silaha yake kubwa ilikuwa mofini ya unga iliyochanganywa na maji: rahisi kutengeneza, nafuu kuliko vidonge na sindano, na inayomfaa mtu aliyelala kwake kijijini. Lakini dawa haina faida kama hakuna wa kuiandika, na madaktari ni wachache. Ndiyo maana mwaka 2004 Uganda ilibadili kanuni zake, ikawaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini. Uamuzi huo uliutambua ufundi wa wauguzi kwa maandishi ya serikali, na nchi nyingine zimekuwa zikiutazama kama mfano tangu hapo.

Sista alichora jedwali nyuma ya daftari: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku. Kipimo cha saa nne usiku kilikuwa mara mbili ya vingine, ili usiku wa manane kusihitajike kumwamsha mtu kwa ajili ya dawa. Kila aliyetoa dawa aliweka alama na kuandika maumivu yalikuwaje. Pamoja na mofini alileta dawa ya kulainisha choo, akatueleza kwamba mofini hufunga tumbo karibu kwa kila mtu, na kwamba anayeandika mofini bila kuandika dawa ya choo amefanya nusu ya kazi. Mahali ambapo dawa hiyo haipatikani, alisema, wauguzi wa tiba shufaa huwafundisha watu kutumia mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa.

Mama aliitazama ile chupa kwa muda. "Mwanangu, dawa hii si ndiyo ndugu yake ule unga unaowaharibu vijana wetu?"

"Mama, anayetafuta unga anatafuta kulewa," Sista alisema. "Mzee anatafuta kulala. Akipewa kwa kipimo na kwa saa, atakuwa anazungumza na wewe, wala hatakuwa mtumwa wa dawa." Ikawa hivyo. Siku mbili tatu za mwanzo baba alisinzia sana, kisha usingizi ukapungua, akarudi kuwa mtu wa maswali.

Somo la pili lilikuwa kugeuza, na mwanafunzi wake hodari alikuwa mjukuu. Kwanza alimtazama Sista. Kisha Sista akamfanyisha huku mikono yake ikiwa juu ya mikono ya kijana. Mara ya tatu Sista alisogea nyuma, akakunja mikono yake kifuani asiingilie. Huko kusogea nyuma nako ni ufundi: kuna wauguzi wanaojua kufanya, na kuna wanaojua kuacha mwingine afanye.

Kila baada ya saa mbili mchana baba alihamishwa: ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia. Ubavu wenyewe haukuwa wa kulalia nyonga moja kwa moja. Mto uliwekwa mgongoni ukamwegemeza kidogo tu, uzito ukaangukia kwenye nyama ya tako, si kwenye mfupa. Halafu kijana alipitisha kiganja chini ya kifandugu kuhakikisha kinaelea, na karatasi ya daftari chini ya visigino. Karatasi ikipita bila kukwama, visigino viko salama. Ikikwama, mto unarekebishwa.

Kila alipogeuzwa, ngozi ilikaguliwa, na hapa Sista alifundisha jambo ambalo sijalisahau. Vitabu vingi vya uuguzi vilivyoandikwa kwa kuangalia watu weupe husema utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani, na anayeungoja atauona mwanzo wa kidonda kikiwa kimeshafunguka. Alimfundisha kijana kutazama mahali palipokoza weusi au kung'aa kuliko jirani yake, kisha kuweka mgongo wa mkono kuona kama pana joto zaidi, kisha kubonyeza kwa kidole kuona kama pamekuwa pagumu au pamelegea. Macho, joto, kidole: kwa mpangilio huo. Siku moja kijana alisema nyonga ya kulia ni ya moto. Sisi wengine hatukuona chochote. Sista alikuja, akagusa, akamwambia yuko sahihi, na kwa siku kadhaa baba hakulalia upande ule. Mahali pale hapakufunguka.

Kuoga nako kulikuwa na taratibu zake. Maji ya vuguvugu, mabeseni mawili, moja la sabuni na moja la kusuuzia. Uso kwanza, kisha mikono, kifua, miguu, mgongo, na sehemu za siri mwisho kwa kitambaa chake na maji mapya. Kinachooshwa hufunuliwa, kilichobaki hufunikwa kwa kanga, hivyo hakuna dakika ambayo mzee alikuwa mtupu. Ngozi ilikaushwa kwa kuigusagusa, haikusuguliwa, na mikunjo yote ikakaguliwa. Mlango ulifungwa. Humo ndani tulisikia babu na mjukuu wake wakitaniana, na mama aliyekuwa ukumbini akawa anatabasamu peke yake.

Kinywa kilikuwa na ratiba yake. Nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kitambaa laini kilichozungushiwa kidole, ufizi, ulimi, ndani ya mashavu. Midomo ikapakwa mafuta. Mgonjwa asiyekula sana huwa na kinywa kikavu, na kinywa kikavu huuma, hunuka, na humfanya mtu aogope kuzungumza na wageni. Baba alikuwa na wageni wengi. Kinywa safi kilimwachia sauti yake.

Zikaja siku ambazo hakutaka tena uji. Shangazi alikuwa akimsihi kwa kijiko, machozi yanamtoka. Sista alimshika mkono, akamweleza kwamba mwili unaofunga kazi zake hauombi chakula, na kwamba kumlazimisha mtu asiyeweza kumeza vizuri ni kumpelekea uji kwenye mapafu. "Mpe kinywa chenye unyevu, shangazi. Hicho bado anakihitaji." Shangazi akapata kazi ya kufanya, akaifanya mpaka mwisho. Sista alitueleza mapema pia juu ya pumzi: kwamba zitakuja kuachana, kwamba koo linaweza kukoroma kwa mate ambayo hana nguvu ya kuyameza, na kwamba mkoromo huo hututisha sisi tunaousikia kuliko unavyomsumbua yeye. Dawa yake ya kwanza ni kumgeuza ubavu. Mofini ikawa matone machache ndani ya shavu. Kwa kuwa tuliyajua hayo, usiku yalipotokea hakuna aliyekimbilia gari. Mjukuu alimgeuza babu yake ubavu, akaweka mto, akapitisha karatasi chini ya visigino. Baba alifariki alfajiri, watu wake wakiwa chumbani.

Waliomkosha walitoka wakasema ngozi yake ilikuwa nzima. Kwa mtu aliyelala miguu imekufa muda wote ule, hakuna cheti kikubwa kuliko hicho, na cheti hicho ni cha Sista na kijana wa kidato cha nne.

Ufundi huu uko nchini, ila ni wa wachache. Hospitali Teule ya Muheza imekuwa na hospisi inayokwenda majumbani, Selian ya Arusha vivyo hivyo, na familia nyingi za wagonjwa wa saratani zimeonja huduma hiyo kupitia Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 huhitaji tiba shufaa kila mwaka, na ni kama asilimia 14 tu wanaoipata. Walio wengi kati ya waliobaki wako katika nchi kama zetu, nao huuguzwa na watu wanaowapenda sana ambao hakuna aliyewafundisha namna ya kushika shuka. Mapenzi hayamwonyeshi mtu mahali pa kuweka mto. Hilo hufundishwa, na anayelifundisha anastahili mshahara wa fundi, pikipiki ya kumfikisha vijijini na dawa kwenye mkoba wake.

Nawe msomaji, siku utakapoambiwa mgonjwa wako apelekwe nyumbani, usitie saini kwanza. Uliza nani ataandika mofini ikiisha na itachukuliwa wapi. Uliza dawa ya choo. Uliza namba ya simu ya kupiga usiku. Kisha mwombe muuguzi avue saa yake, asimame upande mmoja wa kitanda nawe usimame wa pili, akufundishe kumgeuza mzazi wako palepale wodini, mpaka mikono yako iweze bila yake. Ukishaweza, ita gari.